Baba alikatwa tumbo kwa kansa, sasa wamekuta nyingine changa kwenye umio

Kifungua_mimba: Wadau naombeni msaada wa mawazo. Mzee alifanyiwa opereshen ya kansa ya tumbo miaka ya nyuma, wakatoa sehemu ya tumbo akapona vizuri. Juzi kaenda kupimwa kwa kamera ile inayopitishwa mdomoni, ya kufuatilia tu wakaona kidoa chekundu kwenye umio, wakachukua kinyama, majibu kansa ila eti changa sana. Hana dalili yoyote, anameza kila kitu. Sasa ni ile ya zamani imesambaa? Na wanasema wataitoa kwa kamera bila kupasua, inawezekana kweli??

nesi_wa_kamera: Pole sana ndugu. Mara nyingi huwa ni kansa mpya kabisa sio ile iliyosambaa, muulize daktari kinyama kimeonyesha seli gani, ya tumbo huanzia kwenye seli za tezi, ya umio mara nyingi seli bapa za utando wa juu. Na kutoa kwa kamera inawezekana kabisa, wanadunga maji chini ya utando kidoa kinainuka, halafu kijisu kinapita humohumo kwenye kamera kinakichuna taratibu. Ikiwa bado iko utando wa juu uwezekano wa kufika kwenye tezi za limfu (vinundu vya kinga ya mwili ambavyo kansa hupitia ikisambaa) ni mdogo sana. Tena kwa mzee wako hii ni bahati kubwa, maana wakitoa umio kwa kawaida tumbo ndo huvutwa kifuani lichukue nafasi yake, na yeye lilishakatwa, ingebidi watumie utumbo, opereshen nzito mno hiyo.

Mama_Tatu: Mimi mume wangu kapitia hiyohiyo. Ulizeni kama watapaka iodini kabla, sehemu isiyo na kansa inageuka kahawia, yenye kansa inabaki imepauka, hapo mipaka inaonekana na vidoa vingine vilivyojificha vinajitokeza. Na ulizeni upana, kikizunguka karibu umio wote kovu linabana baadae chakula kinakwama, wetu ilibidi wampanue kwa puto. Kama anavuta au anakunywa aache leo leo.

Kifungua_mimba: Asanteni mno, sigara bado anavuta kwa kujificha nitaongea nae. Wakishatoa ndo imeisha?

nesi_wa_kamera: Hapana, kipande chote kinaenda maabara, wakikuta imezama chini au imeingia kwenye mishipa wataongeza tiba, upasuaji au mionzi na dawa. Na kamera asiache hata akijisikia mzima, umio uliobaki unaweza kuota nyingine.