Tupeane uzoefu: mabanda ya gemu na maduka ya kaseti za zamani ukiwa ughaibuni

Kaseti Mbovu: Wakuu, leo nasafisha stoo nimekutana na kaseti yangu ya Mario, ile ya kupuliza kwanza ndo iwake. Nikakumbuka nilivyoingia Super Potato, lile duka la gemu za zamani, Akihabara, Tokyo. Famicom, zile mashine za gemu za Nintendo, zimepangwa kama nyanya sokoni. Nusura nilie. Waliowahi kuingia sehemu kama hizi huko nje, mwageni.

Mtoto wa Makorora: Ghorofa ya juu kuna mashine za kuchezea, yeni 100 tu. Kidole gumba kiliota sugu.

Mjomba Volti: Msinikumbushe jamani. Nilinunua Super Famicom safi, nikaipakata kwenye ndege kutoka Narita, begi la chini sikuliamini. Nafika Ilala wapwa wamejaa sebuleni, shemeji kaacha tamthilia yake. Nikachomeka. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230, na nilikuwa najua! Nimesomea umeme! Furaha tu ilinitoa akili. Adapta ikalia tii, moshi, kisha giza nyumba nzima. Kapwa kangu kadogo kakauliza, "Mjomba, ndo imeisha?" Hadi leo shemeji akiniona karibu na soketi anakohoa.

Binti Pangani: Pole, ila nimecheka hadi mtoto kaamka.

Mzee wa Kontra: Si ungetumia adapta ya redio tu.

Mjomba Volti: Zile nyingi chanya iko katikati ya plagi yake, mashine hii inataka hasi katikati, volti 10. Wewe ndo unawaunguzia watu vitu.

Mzee wa Kontra: Aliyeunguza hapa nani?

Nusu Mjapani: Acheni ugomvi, sikieni hii. Nipo Akihabara, nacheza Street Fighter II, gemu ya ngumi, mashine zimepeana mgongo, mpinzani humwoni. Nikapigwa. Nikaweka yeni 100, nikapigwa. Mara 14! Mtaani kwetu mimi ndo nilikuwa bingwa, nilikuwa nalipiwa na watu. Nikazunguka upande wa pili kwa hasira nimwone huyo jamaa. Katoto ka darasa la pili, miguu haifiki chini, kanakula mkate. Saa tatu usiku hiyo.

Mtoto wa Makorora: Chai. Tokyo watoto hutolewa saa 12 jioni.

Nusu Mjapani: Asipokuwa na mzazi! Baba yake alikuwa kasimama nyuma, kashika begi la shule, ananiinamia kuniomba radhi. Hiyo ndo iliniuma zaidi.

Kaseti Mbovu: Chai au si chai, tupe mwisho wake.

Nusu Mjapani: Mwisho nilitembea hadi Ueno kwa miguu, sarafu zote kazimeza yule mtoto.

Otis wa Chicago: Ndugu zangu, huku njooni Galloping Ghost, banda la gemu la Brookfield. Unalipa mlangoni, unacheza siku nzima bila sarafu. Ukipigwa na mtoto, angalau umepigwa bure.

Binti Pangani: Mimi ushauri wangu, acheni kubeba mashine, bebeni kaseti. Za Famicom zina pini 60, zinaingia kwenye zile mashine zetu za Kichina za utotoni. Niliziingiza za kaka yangu, zikawaka.

Mzee wa Kontra: Bila kupuliza?

Binti Pangani: Nilipuliza. Mazoea.

Mjomba Volti: Dada, hiyo mashine ya Kichina unayo bado? Unauza?