Naomba ushauri: je, kuna haja ya kuunganisha mifumo ya duka langu kwa API?

MwenyeDuka_Masasi: Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Nina duka la mashine za kupulizia mikorosho hapa Masasi, na tawi dogo Lindi. Stoo ina programu yake, hesabu zina programu nyingine, na malipo ya simu hayana pa kukaa isipokuwa daftari. Msimu huu wa minada watu wamejaa dukani, na kila jioni karani hunakili ujumbe wa malipo mmoja baada ya mwingine. Juzi aliandika 45,000 badala ya 450,000, tukakesha tukiitafuta sifuri. Nimeshauriwa kuunganisha programu hizo kwa API. Je, wafanyabiashara hufanya hivyo kweli, au ni njia ya kunichuna?

FundiShangani: Hufanya, na wewe mwenyewe umeshanufaika nayo. Unapolipa bili ya maji kwa simu, kumbukumbu namba ndiyo inayoujulisha mfumo wa mamlaka ni deni la nani limelipwa, bila karani kunakili chochote. API ni utaratibu uliokubaliwa wa programu moja kuiomba nyingine taarifa: ombi liandikwe vipi, jibu lije vipi, na nani aruhusiwe kuuliza nini. Nani anakufanyia, na umempa ruhusa gani?

MamaChikongola: Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, binti yangu wa kaunta alirudi kwenye daftari kama vile hatukuwahi kulifunga. Usilitupe, mwanangu. Na huyo karani wa sifuri usimfukuze.

MwenyeDuka_Masasi: Ahsante, mama. Anayenifanyia ni mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam. Ruhusa ni za kawaida tu.

FundiShangani: Za kawaida ndizo zipi? Ana ufunguo wa API, yaani msimbo wa kuitambulisha programu yake, uliotolewa na kampuni ya malipo, au umempa namba ya siri?

MwenyeDuka_Masasi: Simu yenye laini ya duka anayo yeye, pamoja na namba ya siri, kwa kuwa programu yake itasoma ujumbe unaoingia humo. Kwa sasa mteja akilipa nampigia athibitishe, na jioni ananitumia ujumbe wote. Nimeshamlipa laki nane kati ya milioni moja na nusu. Sioni ubaya, ni damu yangu.

MzeeWaNachingwea: Kwetu mpwa ni wa mjomba, sasa akikuangusha utamshitaki kwa nani? Wangu nilimkabidhi pikipiki, akarudi na kofia yake tu.

Mdadisi_Mtama: Hadithi hii imetungwa. Mikorosho hupuliziwa kabla ya mavuno, na sasa korosho ziko ghalani zinasubiri mnada. Ni nani anayejaa dukani kununua mashine ya kupulizia? Huyu ni muuza programu, na muda si mrefu atatutajia namba ya "fundi mzuri".

MwenyeDuka_Masasi: Hawanunui, wanalipa. Mashine walizichukua Juni kwa mkopo, hadi fedha za korosho ziingie. AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikilipwa, wakulima wake hutuma siku hiyo hiyo: mmoja nusu, mwingine kwa simu ya mkewe, jina lisifanane na la kwenye rejista.

Mdadisi_Mtama: Naomba radhi nusu. Nusu nyingine nitaileta nikiiona hiyo rejista.

FundiShangani: Hapo ndipo API ina kazi. Kila mdaiwa akiwa na kumbukumbu namba yake, hata akilipa kwa simu ya jirani deni linajulikana, na Lindi wanaona kile unachokiona Masasi. Anachotengeneza mpwa wako kinachungulia tu barua zako: kampuni ikibadili maneno ya ujumbe, kitapofuka, na mwenye simu na namba ya siri anaweza kutoa fedha. Ufunguo wa API huweza kuwekewa ruhusa ya kupokea taarifa pekee, na ukauzima siku unayotaka. Pia mtandao ukiyumba, taarifa moja huweza kuletwa mara mbili, kwa hiyo programu ihesabu kwa namba ya muamala, isipunguze deni mara mbili.

MwenyeDuka_Masasi: Nimempigia. Anasema simu ataikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho alfajiri. Kwenye kampuni ya malipo, leseni na TIN vinatosha?

FundiShangani: Nenda navyo, lakini basi usilisubiri. Chukua kitambulisho chako leo hii, uombe laini nyingine yenye namba ile ile, kisha ubadili namba ya siri.

MwenyeDuka_Masasi: Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake.