Tupeane uzoefu: umefuta anwani moja ya IP, zimeondoka zote

Mzee_wa_Kebo (Kigoma): Wakuu, tukusanye hapa vituko vya anwani za IP. Weka amri, kilichotokea na sababu yake. Naanza na Linux: `ip addr add 192.168.10.9 dev eth0` bila /24 mwishoni (ukubwa wa mtandao) inakupa /32 (anwani moja peke yake). Kadi ya mtandao (hiyo eth0) inaonyesha anwani vizuri tu, ila mashine jirani huzipati.

Isevya_Net (Tabora): Kweli kabisa. Hiyo /24 inasahaulika kila siku.

Kibirizi_Root: Hiyo ndogo. Kuna seva iko Kasulu, inaendeshwa kwa SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) kutoka Kigoma mjini. Kadi ya eth0 ilikuwa na anwani nne za /24: .5, .6, .7 na .8. Ya .5 ilitakiwa iondoke. Ikaandikwa `ip addr del 192.168.10.5/24 dev eth0`, ikabonyezwa Enter, kimya. SSH ilikuwa imeingilia .6, kwa hiyo hakuna aliyetegemea ikatike. Zote nne zilikuwa zimefutika.

Sababu: anwani ya kwanza kuwekwa kwenye subneti (kipande cha mtandao) ndiyo kuu. Zinazofuata, zikiwa na subneti na maski (hiyo /24) ile ile, ni wafuasi wake. `ip addr show` inaziandikia `secondary`. Ukifuta kuu, wafuasi wanaondoka nayo. Kadi ikibaki haina anwani hata moja, njia ya `default` (ya kutokea nje ya mtandao wa ofisi) nayo inafutwa. Ndiyo maana aliyekuwa Kasulu aliporudisha anwani zote kwa mkono, ofisini zilijibu ping lakini Kigoma bado haikuingia, mpaka alipoandika `ip route add default via 192.168.10.1`.

Dawa ni mpangilio wa kiini cha Linux: `sysctl -w net.ipv4.conf.all.promote_secondaries=1`. Hapo ukifuta kuu, mfuasi anapanda kushika nafasi. Iandike pia kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, la sivyo seva ikizimwa na kuwashwa imepotea.

Gungu77: Mifumo mingine inakuja na 1 tayari. Kagua kwanza: `sysctl net.ipv4.conf.eth0.promote_secondaries`.

Mlinda_Lango: Sysctl ya nini? Anwani za ziada ziweke /32, haziwi wafuasi wa yeyote.

Kibirizi_Root: Nusu dawa hiyo, mkuu. Ukifuta ile ya /24, njia ya 192.168.10.0/24 inaondoka nayo. Anwani zimebaki, majirani huwafikii moja kwa moja.

Mlinda_Lango: Unairudisha: `ip route add 192.168.10.0/24 dev eth0`. Shida iko wapi?

Kibirizi_Root: Unairudisha ukiwa umekaa mbele ya seva. Ukiwa mbali na umeingilia hiyo hiyo uliyoifuta, umeshakatika.

Cheyo_Fundi (Tabora): Mbona `ifconfig` ilikuwa inaonyesha .5 peke yake?

Gungu77: Anwani iliyoongezwa kwa `ip` bila lebo kama `eth0:1`, `ifconfig` haiioni. Acheni hiyo amri jamani, inaficha nusu ya ukweli.

Isevya_Net (Tabora): Upande wa Windows: umeme ukirudi, kompyuta inawaka kabla ruta haijawa tayari, inakosa DHCP (huduma ya kugawa anwani), inajipa yenyewe anwani ya 169.254. Watu wanaanza kung'oa kebo. Kebo haina kosa! Windows inajaribu tena kila dakika 5, au andika `ipconfig /renew`.

Mama_Swichi (Ujiji): Kwa seva ya mbali, kabla hujagusa anwani andika `shutdown -r +10`. Amri za `ip` hazidumu. Ukikatika, baada ya dakika 10 seva inajiwasha upya na anwani zake za zamani. Ukifaulu, `shutdown -c` upesi. Ila usiguse mafaili ya mipangilio kabla hujajaribu, maana itaamka na kosa lako lile lile.

Kibirizi_Root: Hii ingeokoa safari nzima.

Cheyo_Fundi (Tabora): Na .6 ikihamia seva nyingine?

Mama_Swichi (Ujiji): Majirani bado wanakumbuka MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya zamani. Watangazie mpya ukiwa kwenye seva mpya: `arping -U -c 3 -I eth0 192.168.10.6`.