Mtu kasikiliza albamu kwenye bajaji toka Ujiji halafu anaipa 4/10, hivi tuko siriasi?

Wakuu habari za jioni, mnisamehe uzi ni mrefu ila nisipotoa nyongo hapa leo silali.

Tuna grupu la WhatsApp la wapenda roki hapa Kigoma. Msicheke, tupo, hatufiki thelathini na nusu yao wapo wapo tu wanasoma, ila tupo. Kila wiki inatajwa albamu moja, watu wanasikiliza, Jumapili usiku kila mtu anatoa maksi kwenye kumi, admini anapiga wastani anabandika. Juzi ikawa zamu yangu kuchagua nikaweka The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, nikijua hapa hamna ubishi tutalala mapema.

Jumapili jamaa kaweka 4. Nne! Na maelezo yake eti nyimbo hazijulikani zinaanzia wapi zinaishia wapi, moja saa tupu zinalia, nyingine mama anapiga kelele tu. Nikamuuliza kwa ustaarabu kabisa, kaka umesikilizia wapi? Akajibu bila hata aibu, kwenye bajaji, alikuwa anatoka Ujiji kurudi Mwanga, simu mkononi, hedifoni hana, app ya bure ile inayochanganya nyimbo inavyojisikia na kukuchomekea matangazo. Mpaka anashuka kasikia "kama sita hivi", zingine karuka.

Sasa jamani. Ile albamu ina dakika kama 43 na nyimbo zake zimeshonwa, moja inaingia kwenye nyingine, inaanza na mapigo ya moyo na inaisha na mapigo ya moyo. Wewe umeipata imekatwa katwa kama nyama ya mishkaki, katikati kuna dada anakuuzia bando, halafu unalalamika hujui inaanzia wapi! Hizo saa zinazolia ni mwanzo wa wimbo wa Time, na mtu haanzi kuimba mpaka zipite dakika mbili na kitu, sasa wewe uliyeruka mapema umesikia nini zaidi ya kengele? Na huyo "mama" ni Clare Torry, haimbi neno hata moja ule wimbo mzima, sauti tupu, na kwa injini ya bajaji inayopanda mlima naamini kabisa ilisikika kama ugomvi wa majirani. Usiniulize kuhusu besi ya ule wimbo wa Money. Spika ya simu haitoi besi, inatoa harufu ya besi.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba huyu huyu jamaa ni mtu wa bolingo kufa. Sisi wote huku tumekulia humo, Kongo ipo hapo ng'ambo ya ziwa, redio zilikuwa zinashika kuliko za Dar. Mtu anakaa na Mario ya Franco dakika kumi na kitu, anasubiri gitaa zichangamke, hachoki, hashiki simu, na ukimwambia ruka anaweza kukupiga. Subira anayo. Ila ikija roki anataka sebene iwe imeshafika kabla hajakaa. Sio kwamba masikio hayana uwezo, ni kwamba kwa Franco alifundishwa kukaa na huku hakufundishwa, na tena hizi app zimemzoesha, maana Spotify ukifikisha sekunde 30 tu inahesabu umeshasikiliza. Sekunde thelathini! Kwa hesabu hiyo mimi nimeshasoma magazeti yote ya pale stendi.

Na nisijifanye malaika, mimi mwenyewe nimewahi kufanya madudu. Nyumbani mjomba alikuwa na kanda ya Brothers in Arms ya Dire Straits, ya 1985, ndiyo iliyonileta kwenye roki. Upande A ulikuwa mzima. Upande B redio ilishautafuna, mjomba akaunga mkanda kwa selotepu, ukifika pale pa selotepu inatoa sauti ya mbuzi halafu inakwama, unatoa kanda unazungusha na kalamu ya Bic. Kwa hiyo tulikuwa tunapiga upande A, tunageuza kidogo, inalia mbuzi, tunarudi A. Miaka yote najua Dire Straits ni bendi ya kuchangamsha, Walk of Life na Money for Nothing, na nilikuwa nawaambia watu albamu ni nzuri ila nyepesi, saba kwenye kumi. Siku nimekuja kuipata kwenye CD kwa rafiki, nafika mwisho kabisa nakutana na ule wimbo wenye jina la albamu, gitaa linalia taratibu kama mvua inakuja toka ziwani... Nilinyamaza. Miaka yote ile nilikuwa naipa maksi selotepu ya mjomba.

Halafu baadaye ndio nikaja kujua kwamba hata wenye vifaa vizima hawakusikia kitu kimoja, maana kwenye sahani ya santuri nyimbo kadhaa zilifupishwa ili ziingie, CD ina dakika kama 55, sahani kama 47. Sasa hao wote walikaa wanabishana.

Niliandika haya yote kwenye grupu, kwa heshima, nikapendekeza tu kwamba kabla mtu hajaweka namba aandike kasikilizia nini na mara ngapi. Basi. Admini kanijibu "kila mtu na sikio lake mkuu, acha kuleta ligi". Wastani ukabandikwa 5.5, na wengine wawili wakajitokeza kusema nao walisikiliza mara moja, mmoja akiwa anafua.

Kuna dogo mmoja kule alinibana vizuri nikiri. Kasema wewe unaipenda kwa sababu umeirudia sana, hata king'ora ukikirudia utakipenda. Na ana hoja, kuna mwanasaikolojia anaitwa Robert Zajonc mwaka 1968 alionyesha kwamba watu wanaanza kupenda kitu kwa kukutana nacho tu mara kwa mara. Hapo nilikaa kimya muda. Lakini dogo, mbona kuna albamu nimezirudia mara kumi na bado zinanichosha? St. Anger ya Metallica nimejitahidi, ile ngoma ya mpiga drams inalia kama sufuria, mara ya kumi bado ni sufuria. Kurudia kunasaidia, hakufanyi mchele uwe pilau.

Na msiniletee habari za "orodha za wakubwa". Jarida la Rolling Stone mwaka 2003 walitoa orodha ya albamu 500 bora, namba moja ikawa Sgt. Pepper's ya Beatles. 2020 wakapigisha kura upya, ikashuka mpaka ya 24, namba moja ikawa What's Going On ya Marvin Gaye. Sgt. Pepper's haijabadilika noti hata moja toka 1967, wapiga kura ndio walibadilika, na walivyolelewa na redio zao. Ila wale angalau naamini walikaa chini wakasikiliza, hawakuwa wanashikilia kichwa bajaji isiwarushe.

Baada ya kujibu hivyo nikatolewa kwenye grupu. Kimya kimya, bila hata kuaga, saa tano usiku.

Admini najua huku unapita. Sihitaji msamaha, nirudishe tu, na huyo kaka wa nne mwambie Jumamosi aje kwangu Katubuka, sabufa ninayo, migebuka itakuwepo, simu tunaziacha nje. Dakika 43. Akitoka hapo bado akasema nne naiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Tuombe tu umeme usikatike.