Tupeane uzoefu: ukatibu wa kampuni mlianzia wapi?

Binti Mihtasari
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nimemaliza Shule ya Sheria mwaka huu, kiapo bado. Jana baba mdogo kaniuliza mbele za watu, "Yaani umesoma miaka yote hiyo ukawe katibu?" Nikakosa jibu, maana hata mimi sijaiona kazi yenyewe kwa ndani. Nina milango mitatu: ofisi ya mawakili Posta inayohudumia kampuni nyingi ndogo, mshahara laki nne; benki, nafasi ya msaidizi wa katibu wa bodi, mkataba wa mwaka mmoja; na kampuni ya familia moja ya jamaa zetu, ambako mshahara ndio mkubwa kuliko kote. Mliopita njia hii mlianzia wapi, na mkirudi nyuma mngechagua wapi?

Njia Panda
Nipo hapo hapo ulipo dada. Naweka kambi.

Mzee wa Lakiri
Marahaba mwanangu. Nenda Posta, usibabaishwe na hiyo laki nne.

Mimi nilianza 2009 kwenye ofisi ya mawakili yenye vyumba viwili. Nilikabidhiwa majalada 68 ya kampuni na ufunguo wa kabati. Enzi hizo BRELA, ofisi ya Msajili wa Kampuni, ipo pale Jengo la Ushirika, Mnazi Mmoja, kila kitu karatasi. Unafika asubuhi na ritani za mwaka, zile taarifa za kila mwaka kwa Msajili, za kampuni tano, unaambiwa jalada la moja halionekani, rudi Jumatatu. Miaka miwili nilikuwa naona nadhulumiwa. Kumbe ndiyo nilikuwa nasomea kazi. Nimeona wakurugenzi waliojiuzulu zamani na hakuna aliyemwarifu Msajili ndani ya siku 14. Nimeona kampuni ina wanahisa watatu kwa Msajili na wanne kwenye rejista yake yenyewe. Nimeona mkutano mkuu ulioitishwa kwa ujumbe wa simu jana yake, wakati wanachama wana haki ya notisi ya siku 21. Kosa moja moja ndiyo nikajifunza rejista inatunzwaje.

Leo kuna ORS, mfumo wa BRELA wa mtandaoni, tangu 2018 unawasilisha ukiwa umekaa mezani. Foleni imekwisha, ila makosa ni yale yale, tena sasa umeongezewa na wamiliki manufaa: lazima umtafute mtu halisi aliye nyuma ya hisa, si jina tu la kwenye karatasi. Hayo utayaona kwenye kampuni 68, siyo kwenye kampuni moja.

Chuma cha Pua
Ukatibu si uende Tabora tu ukasome uhazili? Miaka yote ya sheria ya nini?

Mama Hati Mkato
Chuma, mimi ni zao la Tabora. Hati mkato maneno 100 kwa dakika, nimehudumia wakurugenzi wakuu wanne mpaka nastaafu, na hakuna barua iliyopotea mezani kwangu. Hiyo "tu" uliyoiweka hapo imeniuma. Ila binti anaulizia kazi nyingine kabisa. Mimi nilikuwa katibu muhtasi, namhudumia bosi na ofisi yake. Katibu wa kampuni anawekwa na sheria, jina lake linaandikwa kwa Msajili, na anakaa kikaoni akiihudumia kampuni, hata pale bosi asipopenda.

Chuma cha Pua
Samahani mama. Sikukusudia.

CS wa Nairobi
Huku kwetu tumezitenganisha kwa mtihani. Unafanya mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu na makatibu, unasajiliwa, unaingia ICS ambayo ni taasisi ya makatibu wenyewe. Kuwa wakili peke yake hakukupi hiyo sifa. Lakini dada jua jambo moja: Sheria ya Kampuni ya 2015 imesema kampuni binafsi yenye mtaji uliolipwa chini ya shilingi milioni 5 si lazima iwe na katibu. Nilikuwa nimeanza na ofisi iliyokula kwa hao wateja wadogo. Wengi walitushukuru wakaenda zao. Nilikaa miezi nikihesabu simu ambazo hazilii. Kwa hivyo mimi nakwambia benki. Huko sheria haiwezi kuamka siku moja ikasema bodi haihitaji katibu.

Mzee wa Lakiri
Ndugu yangu wa Nairobi, hiyo ni Kenya. Huku Sheria ya Kampuni ya 2002 inataka kila kampuni iwe na katibu. Usimtishe mtoto.

CS wa Nairobi
Simtishi mzee. Sheria hubadilika, hata kwenu.

Kalamu Nyeusi
Nimesoma "kampuni ya familia, mshahara mkubwa kuliko kote" nikaweka simu chini. Nimerudi kuandika kwa sababu sijawahi kuisimulia hii yote.

Mwaka 2014 niliajiriwa na kampuni ya familia Kariakoo, vipuri vya magari. Duka, ghala na kiwanja kimoja. Nilikuwa na miaka 25. Mzee mwenye mali alinipenda kama mwanawe. Hisa zilikuwa 1,000: mzee 600, mama mkubwa (mke wa kwanza) 200, mama mdogo (mke wa pili) 200. Wakurugenzi walikuwa mzee, mama mkubwa na kijana wao wa kwanza. Mama mdogo hakuwahi kuja ofisini, ila kila mwaka mzee alikuwa akiniambia, "Hakikisha jina lake lipo." Nilikuwa nafungua rejista namwonesha.

Mzee akaugua ghafla, akalazwa chumba cha mahututi siku tisa, akafariki. Siku ya nne baada ya maziko kijana akanipigia, "Njoo ofisini, kuna kazi ndogo." Ilikuwa saa mbili usiku, mtaa umeshafungwa. Nikamkuta na amu yake. Mezani kuna muhtasari wa kikao cha bodi umeshachapwa: Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisini, mzee ndiye mwenyekiti, bodi imeridhia mama mdogo ahamishe hisa zake zote 200 kwenda kwa kijana. Chini saini ya mzee. Palipobaki wazi ni pa katibu tu.

Alhamisi ile mimi mwenyewe nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahututi. Nilikuwa nimemshikia mama mkubwa mkoba wake. Mzee hajafumbua jicho.

Kijana hakunifokea. Alisema kwa upole, "Dada, hii ni kuweka sawa tu, baba alikuwa ameshaamua." Akasogeza bahasha. Milioni mbili. Mshahara wangu laki tatu na nusu, mama yangu Mbagala anadaiwa kodi ya miezi mitano. Sitaki kuwadanganya, niliihesabu ile hela kichwani mara mbili. Nikasema naomba nikasome vizuri, kesho nitasaini. Walipotoka kwenda kuwasha gari, nikachukua kitabu cha mihtasari na rejista ya wanahisa, nikavifunga kwenye mtandio, nikatoka mlango wa nyuma.

Njia Panda
Halafu?? Dada usituache hapo.

Hesabu Safi
Pole sana, lakini mbona haiingii akilini? Hisa hazihami kwa muhtasari. Inatakiwa hati ya uhamisho yenye saini ya anayetoa hisa, upite TRA, mamlaka ya mapato, na ushuru wa stempu, ndipo Msajili. Na zile 600 za marehemu zinasubiri msimamizi wa mirathi. Wangefika wapi na karatasi moja?

Kalamu Nyeusi
Hesabu, za mzee hawakuzigusa. Walizitaka za mama mdogo. Hati ya uhamisho walikuwa nayo: siku kampuni inasajiliwa, kabla yangu, wanahisa wote walisainishwa fomu tupu "kwa ajili ya baadaye". Katiba ya kampuni ilitaka bodi iridhie uhamisho wowote. Walichokosa ni kikao.

Hesabu Safi
Nimeelewa. Fomu tupu, kumbe. Nafuta kauli yangu.

Chuma cha Pua
Lakini kuchukua vitabu usiku ni wizi. Ni mali ya kampuni.

Mama Hati Mkato
Wizi gani? Angeviacha vichomwe?

Mzee wa Lakiri
Chuma ana hoja hapa. Rejista mahali pake ni ofisi iliyosajiliwa. Mimi ningetoa nakala, nikaandika barua ya kukataa kusaini, nakala kwa kila mkurugenzi. Ila sikuwepo mle ndani saa mbili usiku nikiwa na miaka 25.

Kalamu Nyeusi
Mzee, barua sikuijua wakati ule. Hakuna aliyekuwa amenifundisha, nilikuwa katibu peke yangu.

Alfajiri nilikwenda kwa mama mkubwa, naye alikuwa mkurugenzi, nikamkabidhi vitabu mkononi, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari. Nikamwonesha tarehe. Yupo eda, amekaa chini. Alisoma ile Alhamisi kimya, akaagiza mwanawe aitwe, na mama mdogo aitwe pia. Akamuuliza kijana mbele yetu, "Siku hiyo baba yako hakuweza hata kutamka jina langu. Kikaoni alikuwa anaongea nani?" Kijana akainamisha kichwa. Mama mkubwa akataka zile fomu tupu ziletwe zote, zikachanwa pale pale kwenye mkeka, na hisa za mke mwenzie zikabaki zilivyo.

Kazi nilipoteza wiki ile ile. Kodi ya mama nililipa kwa mkopo wa vikoba. Nikaenda kuanza upya ofisi ya mawakili kwa laki mbili na nusu, na huko ndiko nilikojifunza ile barua anayoisema mzee.

Tai Nyembamba
Baada ya hiyo nasita hata kuandika. Mimi nilianzia benki. Salama, kweli. Notisi zinatoka kwa wakati, akidi inahesabiwa, ukikosea kuna mtu juu yako wa kukurekebisha. Lakini miaka mitatu nilichofanya ni kupanga makabrasha ya bodi na kuandika rasimu za mihtasari. Rejista ya wanahisa sikuwahi kuishika. Nilipohama nikaona aibu kuulizia mambo ambayo kijana wa mwaka wa kwanza wa Mzee wa Lakiri anayajua. Ila kuandika muhtasari nilijifunza haswa: unaandika kilichoamuliwa na sababu yake, huandiki nani alifoka.

CS wa Nairobi
Hiyo ya mwisho ni kazi ya miaka kumi kuijua.

Binti Mihtasari
Nimesoma yote mara mbili, ya dada Kalamu mara tatu. Kampuni ya familia nimeshawapigia, nimewashukuru. Usaili wa Posta ni kesho saa nne. Je, ni utovu wa adabu nikiomba wanioneshe jalada moja wanavyolitunza?

Mzee wa Lakiri
Omba. Hawatakuonesha la mteja, ni siri yake. Waombe jalada tupu la ofisi, uone jinsi linavyopangwa. Na uliza nani atakusomea muhtasari wako wa kwanza kabla haujasainiwa.

Kalamu Nyeusi
Hilo la pili uliulize kwanza, mdogo wangu. Kisha urudi utuambie walikutajia nani.