Mwanga hauna masi, sasa jua linaupindaje?

mwana_ipagala:
Wakuu habari za jioni. Dogo wangu wa kidato cha nne kaniuliza swali nimebaki nakodoa macho. Sisi tulikaririshwa graviti ni vitu vyenye masi kuvutana, yeye kasoma mahali kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua unapinda. Unavutwa nini wakati hauna masi?

mzee_wa_ubuyu:
Hauvutwi mkuu, hapo ndo Einstein alipobadilisha mambo 1915. Alisema jua linapindisha nafasi na muda, mwanga wenyewe unapita njia iliyonyooka kuliko zote ila panapopitwa ndo pamepinda. Angalia ndege ya masafa marefu, rubani hajakata kona popote lakini ukiichora kwenye ramani ya ukutani unaona upinde, kisa dunia ni duara.

kondoa_moja:
Msimdhulumu Newton jamani, mwenye hiyo graviti mliyokaririshwa, hata hesabu zake unaweza kuzikamua ukapata mwanga kupinda, sema unapata nusu tu, kama sekunde 0.87 za pembe na Einstein 1.75. Na sekunde ya pembe ni digrii moja ukaikata vipande 3600!! Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, giza likafanya nyota za karibu na jua zionekane, Waingereza wakaenda kupiga picha za nyota kisiwa cha Principe na Sobral kule Brazil, vipimo vikaegemea kwa Einstein. Kivuli chenyewe kilivuka Afrika kikafika mpaka Ziwa Tanganyika, babu zetu walikiona bure.

bikoni_ya_nala:
Mi huo muda kupindishwa nauona kazini, nashinda na GPS (kifaa kinachosoma mahali ulipo kwa satelaiti) nikipima viwanja huku Nala, Dodoma. Saa za satelaiti zinawahi za kwetu maikrosekunde 45 kwa siku sababu kule juu graviti ni ndogo, halafu ile spidi yao inazichelewesha 7, zinabaki 38. Zisiporekebishwa makosa ya siku moja yanafika kama kilomita 10, yaani bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) ya Nala unakuja kuichimbia Jamatini kule mjini, watu si watatoana macho?

mwana_ipagala:
Hahaha. Dogo kaongeza, jua likitoweka ghafla je?

kondoa_moja:
Kwa Newton dunia inachomoka palepale. Kwa Einstein tunaendelea kulizunguka jua ambalo halipo kama dakika 8 hivi, maana graviti nayo haiupiti mwanga mbio. Ila kwenye mtihani aandike Newton asije akanilaumu.