Kaka kaambiwa aache dawa za sonona wiki mbili kabla ya uyoga, ni sawa?

Binti Pangani
Wakuu habari za jioni. Kaka yangu yupo Portland, Oregon, ana sonona mwaka wa nne huu na anameza setralini kila asubuhi. Kule uyoga wenye silosaibini, ile kemikali inayobadilisha fahamu, unatolewa kwenye vituo vyenye leseni tangu 2023, sasa rafiki yake kamwambia aende ila kwanza aache vidonge wiki mbili eti vinazuia uyoga usifanye kazi. Juzi kwenye video namuona jasho linamtoka, anasema kichwani anapigwa shoti kama za umeme, na kile kiboksi cha vidonge cha siku saba kimejaa hakijaguswa. Naogopa jamani. Hivi lazima aache, au vinaweza kwenda pamoja?

Sista wa Zamu
Pole mdogo wangu. Hizo shoti ni za kukata dawa ghafla, ampigie daktari wake leo leo, kama ni kuacha inapunguzwa kidogokidogo. Na sio lazima, Basel kule Uswisi waliwapa watu wazima wa afya esitalopramu, dawa ya sonona ya kundi moja na setralini, siku 14 halafu wakawapa silosaibini, raha yake ikabaki vilevile ila hofu na yale mabaya yakapungua. Baadae wagonjwa 19 wa sonona walipewa miligramu 25 wakiwa bado kwenye dawa zao na wanane wao walipata nafuu kubwa, japo 19 ni wachache mno. Anatumia nini kingine? Asome chupa ZOTE.

Baba Faraja
Mimi nipo Minnesota, natumia esiketamini, ile ya kupuliza puani. Sio uyoga lakini nayo inakutoa duniani kidogo. Marekani waliipitisha 2019 itumike pamoja na kidonge cha sonona, 2025 ndo wakaruhusu hata peke yake. Uchungu unashuka kooni, unakaa kwenye kiti saa mbili nzima wanakupima presha, gari huendeshi mpaka kesho yake, mke wangu ndo hunifuata. Vidonge vyangu sikuacha hata siku moja na nimerudi kula mezani na wanangu.

Binti Pangani
Kanisomea. Kuna chupa nyingine kabatini, lithiamu, ile dawa ya kutuliza hisia zisipande na kushuka, anameza usiku.

Sista wa Zamu
Basi asiende kabisa. Watu wengi waliochanganya lithiamu na uyoga wameeleza kupata degedege, na Oregon wenyewe hawaruhusu kituo kimpokee mtu aliyetumia lithiamu ndani ya siku 30. Na tafadhali asije akaiacha ili avushe hizo siku 30, hapo ndo atajiumiza zaidi, lithiamu daktari hampi mtu hivihivi. Nani yupo nae nyumbani saa hizi?

Binti Pangani
Yupo wifi. Kule ni saa moja asubuhi, kliniki yao inafungua saa mbili, nampigia wifi sasa hivi ampeleke na chupa zote mbili mkononi.